Akina Nyawira na Kikapu cha Mbaazi

Kazi ya kuchora nyuso za watu niliingizwa na ng'ombe. Msicheke. Nyinyi vijana mnaobaki pale studio mlinikuta tayari ni mtu mzima, nimefunga aproni, naitwa Mwalimu Wairimu, mkadhani nilizaliwa na brashi laini mkononi. Mimi nilianza na brashi ya kupaka kuta, ngazi ya kuazima na mikebe ya rangi, nikiandika majina ya maduka Karatina. Sasa nimestaafu, kwa sababu kidole gumba cha mkono wa kulia kiliamua kustaafu kabla yangu, na mmeniomba niandike jinsi ilivyokuwa. Haya, nitaandika. Mambo ya maonyesho na vyeti mtayakuta kwingine. Mimi nitawaambia kuhusu kazi, na kuhusu Madam Ismay aliyenifundisha hiyo kazi.

Siku hizo Karatina hakukuwa na bucha isiyo na ng'ombe ukutani. Bwana mmoja mwenye bucha karibu na soko, Macharia, aliniita nimchoree ng'ombe mnono anayetabasamu. Kwa nini ng'ombe atabasamu mbele ya bucha, sijui mpaka leo, lakini wateja walipenda hivyo. Nilipanda ngazi asubuhi. Ng'ambo ya barabara aliketi mama mkwe wake Macharia akiuza viazi, na kila nilipopumzika nilimtazama yeye, maana hakukuwa na kingine cha kutazama. Jioni nikateremka, nikarudi nyuma kidogo nione kazi yangu, nikashtuka. Ng'ombe alikuwa na macho ya mama mkwe. Na si macho tu, alikuwa na ile namna yake ya kukukodolea ukijaribu kuomba kiazi cha kuongezwa.

Watu wa soko walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Macharia hakucheka hata kidogo. Mnajua heshima ya mama mkwe kwetu. Mtu haketi ovyo ovyo mbele yake, sembuse kumtundika juu ya nyama.

"Wairimu, futa hiyo kitu sasa hivi!" akaniambia.

Mama mkwe mwenyewe akavuka barabara, akamtazama ng'ombe kwa muda, akasema, "Wacha hapo. Angalau amenona."

Hapo ndipo nilipogundua kuna mwanamke mrefu amesimama nyuma yetu, kilemba cha manjano kichwani, kikapu cha karoti mkononi. Alimwangalia ng'ombe, akageuka akamwangalia mama wa viazi, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chenye mdundo ambao sikuwa nimeusikia popote, "Ni wewe umechora huyu mama?"

"Nilikuwa nachora ng'ombe," nikasema.

"Naona. Ng'ombe umemkosa, lakini mama umempata. Kuja kwangu Nyeri Jumatatu."

Huyo ndiye Madam Ismay. Alizaliwa Grenada, kisiwa kidogo huko Karibea, akasomea uchoraji ng'ambo, na huko akakutana na daktari wa mifugo kutoka Nyeri. Wakaoana, akaja naye. Majirani walisema Julai moja tu ya baridi yetu itamrudisha kwao. Haikumrudisha. Alivaa sweta juu ya sweta, akachora. Kiswahili alijifunzia soko la Karatina, kwa hivyo alijua bei ya kila kitu na matusi machache ya kumsaidia.

Alipopata binti wa kwanza, mtoto akapewa jina la mama wa mumewe, Nyambura, kama desturi yetu inavyotaka. Ndiyo maana majirani walimwita Mama Nyambura. Wa pili alipozaliwa, desturi hiyo hiyo ikadai jina la mama yake Madam, na mama yake aliitwa Eulalie. Basi mpaka leo Nyeri kuna mwanamke Mkikuyu, mkulima hodari wa viazi, anaitwa Eulalie. Madam aliniambia kwamba siku mtoto alipopewa jina hilo yeye mwenyewe alilia sana. Mama yake alikuwa ameshafariki, na tufani ilikuwa imebeba paa la nyumba yao kule kisiwani pamoja na picha zote zilizokuwa ndani. "Kwetu mtu akienda ameenda," alisema. "Hapa kwenu anarudi na jina lake." Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu yalikuja kutusumbua.

Studio ilikuwa banda la mbao nyuma ya nyumba yao, kwenye mteremko wa barabara ya Ruring'u. Zamani lilikuwa ghala la chakula cha mifugo, na siku za mvua bado lilinuka pumba. Madam alitoboa dirisha kubwa upande wa magharibi, penye safu ya Aberdare, akauacha upande wa mlima ukuta mtupu. Kila mgeni alilalamika. Ati vipi uishi Nyeri na uupe Mlima Kenya mgongo? Madam aliwajibu kwamba jua la asubuhi linatoka upande ule na kumgonga mtu usoni kama tochi ya askari, na zaidi ya hayo mlima haujawahi kuja kuomba kuchorwa.

Jumatatu hiyo nilifika nimevaa nguo za kanisani. Nilidhani nitapewa brashi. Nilipewa nyundo. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kupasua mbao za saipras, kuunda fremu, kuvuta kitambaa juu yake mpaka kilie kama ngoma ukikigonga, kisha kukipaka gundi na chokaa laini, kukisugua, kukipaka tena. Mnaonunua kanvasi zilizo tayari mnaniona mshamba, najua. Lakini siku mtakapotumia mbao mbichi na fremu ijipinde, mteja atabaki na bibi mwenye shingo ya kuchungulia, na mtanikumbuka.

Rangi nyeusi alinikataza kabisa. Alichukua tyubu yangu ya nyeusi, akaitia mfukoni, na sikuiona tena. "Nionyeshe mtu mweusi hivyo nimchore," alisema. Akanifundisha kuchanganya hudhurungi iliyoungua na bluu, tone la nyekundu, halafu kutazama. Kutazama ndiyo ilikuwa kazi, kuchanganya ni mkono tu. Alinionyesha kwamba watu wa Nyeri, kwa ajili ya mawingu yetu, wana bluu kidogo juu ya mashavu. Tulipoenda Wang'uru, kule Mwea, kumchora mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, nikapaka kivuli chini ya kidevu kama nilivyozoea, Madam akanishika mkono. "Tazama," akasema. Nikatazama. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote, na mwanga ulitoka chini, ukapanda, ukaingia chini ya kidevu cha yule mama. Kivuli kilikuwa juu, kwenye paji la uso. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo duniani bila kujua kwamba Mwea mtu huangazwa kutoka chini. Aki nilimpenda Madam siku hiyo.

Sasa nije kwa kikapu. Yeyote aliyekuja kuchorwa kwa Madam alikaribishwa kiti, chai, na kikapu cha mbaazi za kuambua. Mkubwa, mdogo, mchungaji, mwenye hoteli, wote waliambua. Wengine waliudhika. Mwalimu mkuu mmoja wa kike aliuliza kama amekuja kuchorwa au kuandikwa kazi ya jikoni. Madam alimwambia, "Uso ukijua unatazamwa unavaa suti. Mimi sichori suti." Alikuwa amefundishwa hivyo na mwalimu wake wa kwanza wa uchoraji kule kisiwani, fundi wa majeneza aliyechora watakatifu kanisani Jumapili ikiisha. Huko kwao pia wanakula mbaazi, na wali. Yule mwalimu mkuu alianza na ule uso wa paredi ya Jumatatu. Kikapu kilipofika nusu, alikuwa anaongea pole pole juu ya jiko la mama yake na moshi wake, na ndipo brashi ya Madam ikaanza kukimbia. Mtu akishughulika na mikono, uso wake hubaki peke yake, na ukibaki peke yake husema ukweli. Faida nyingine ni kwamba studio ile haikuwahi kukosa mboga.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni kusikiliza. Picha ikimalizika, mwenyewe akija kuitazama, msisikilize sifa. "Akisema ni nzuri, umekosa," Madam alisema kila mara. "Mtu akimwona mtu wake hasemi nzuri. Anasema kitu kingine." Kitu gani? Hakuniambia. Alisema nitakijua nikikisikia.

Nimefanya kazi na Madam miaka mingi, na kesi ngumu zilikuwa nyingi. Lakini nitawasimulia moja, na nitaishia hapo, ingawa haikuwa ya mwisho.

Asubuhi moja ya baridi alikuja mzee kutoka Gakindu, mkulima wa kahawa, Mzee Ndirangu. Aliletwa na binti yake kitinda mimba, Wanjira, mwanamke wa umri wangu hivi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka bonde lingine. Alimkalisha baba yake, akamfunga shali, akamkemea kwa kuvua kofia, yote kabla ya kutusalimia. Kisha akafungua kanga na kutoa fremu.

"Huyu ni mama," akasema. "Ile imebaki."

Nilitazama. Ilikuwa picha ya zamani ya mwanamke amesimama kando ya kiti. Gauni lilikuwepo, na kola yake ya lesi, mikono, na viatu. Uso haukuwepo. Paa lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, picha ikashikana na kioo. Mjukuu mmoja akajaribu kuivuta aiokoe, uso ukabaki kwenye kioo. Halafu mtu mwingine, kwa usafi wake, akapangusa kioo.

"Na kitambulisho?" Madam akauliza.

"Tulirudisha kwa serikali tukichukua kibali cha mazishi," Wanjira akasema. "Siku hiyo nani angefikiria fotokopi? Nilikuwa nafikiria jeneza."

Mzee akasema, "Mama Nyambura, mimi niko na presha ya macho. Naona kama mtu anachungulia ndani ya bomba ya maji. Na bomba inazidi kuwa nyembamba. Daktari amesema itafungika." Akavuta shali. "Mwanzoni sikujali, nilijua mke wangu niko naye kichwani. Lakini siku hizi nikifunga macho naona nguo yake. Naona mikono. Uso unaniponyoka. Nataka nimwone mara moja kabla haijafungwa."

Madam aliingia jikoni akarudi na sinia, sahani na kisahani cha kikombe. Alisimama mbele ya mzee akamwinulia sinia, akamwuliza kama anaona ukingo wote. Mzee akazungusha kichwa, akatafuta, akasema hapana. Sahani pia hapana. Kisahani akasema, "Hiyo naona yote." Basi Madam akanigeukia. "Wairimu, tengeneza fremu ya kisahani." Sijawahi kuunda fremu ndogo vile, wala sijawahi kuiogopa fremu namna ile.

Uso tungeutoa wapi? Madam hakufikiria mara mbili. "Nani ana jina lake?" akauliza.

Marehemu aliitwa Nyawira. Kila kaka na dada wa Wanjira alikuwa amezaa Nyawira, walikuwa watano. Walikuja Jumamosi: mmoja mwalimu kutoka Othaya, mmoja anafanya kazi Nairobi, mmoja na mtoto mgongoni, na wawili bado shuleni. Na kila mmoja aliingia akijua kwamba cucu, yaani bibi yao, ni yeye. Tangu kuzaliwa waliambiwa hivyo. Mzee aliwapokea mmoja mmoja, kama babu zetu wanavyotania wajukuu wenye jina la bibi: "Mke wangu, umefika? Na wewe mke wangu, mbona umekonda?" Wakaketi kwenye benchi wakaambua mbaazi, wakacheka, na Madam akachora. Paji la uso alilichukua kwa mwalimu, macho kwa yule wa Nairobi, mdomo kwa mwenye mtoto. Nilimwona anachora akiwa na furaha. Alikuwa na hakika. Si mama yake mwenyewe alikuwa amerudi na jina?

Picha ilipokuwa tayari, mzee akarudi. Akaishika karibu, akaishika mbali. Sote tulikuwa tumesimama.

"Ni mzuri," akasema. "Asanteni sana. Mungu awabariki."

Madam akachutama mbele yake. "Mzee, tafadhali usinionee huruma. Ni yeye?"

Mzee akapapasa fremu kwa kidole. "Ni mama mzuri kabisa. Hata nikikutana naye njiani nitamsalimia."

Walipoondoka Madam akachukua kisu cha rangi akakwangua uso wote. Hakulia, hakugomba. Aliketi tu na vumbi la rangi kwenye sketi yake. "Nilitafuta mahali pazuri," akaniambia. "Wairimu, nilitafuta mahali nilipopenda mimi." Wiki ile nilimwona mara kadhaa akimtazama Nyambura, kifungua mimba wake, yule asiye na jina la mama yake Madam, wakati wa chai, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Akawaita tena wote. Akina Nyawira wakaketi benchi ile ile, kikapu katikati, na mzee kitini akiwaelekea. Wanjira alikuwa kwenye kona na jiko la makaa, anapika chai ambayo hakuna aliyemtuma kupika. Yeye hakuwa na jina la mama yake. Alipozaliwa zamu ilikuwa ya upande mwingine, akapewa jina la shangazi mmoja wa baba yake, mwanamke aliyejulikana kote Mukurweini kwa ukali. Tangu utotoni aliambiwa, wewe ni shangazi mtupu. Na alikubali, akachukua na ukali pia.

Safari hii Madam hakuanza kuchora. Alikaa na brashi kavu. Baada ya muda akaninong'oneza, "Wairimu, tazama kichwa cha mzee."

Nikatazama. Mnajua, mtu mwenye macho mazima anaweza kuiba jicho. Anakuangalia wewe huku anamwona mwingine pembeni. Mtu anayeona kwa bomba hawezi. Lazima aelekeze uso mzima pale anapotaka kuona, na kila mtu anajua anatazama wapi. Mzee alitazama benchi kwa adabu, Nyawira huyu, Nyawira yule. Kisha Wanjira akainama kupuliza makaa, na kichwa cha mzee kikageuka. Wanjira akainuka kuchukua majani ya chai, kichwa kikamfuata. Akarudi, kikarudi naye. Mdomo wa mzee ulikuwa wazi kidogo.

"Mzee," Madam akasema taratibu, "unatazama nini?"

Mzee akashtuka. Wote watano wakamwangalia. "Mimi?" akasema. "Natazama chai."

Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba mzee alikuwa anajua, pengine tangu Jumamosi ile ya kwanza, na hakuwa na namna ya kusema. Utawaambia vipi wake zako watano, mmoja baada ya mwingine, kwamba si wao?

Madam akainuka, akachukua kikapu mbele ya akina Nyawira, akakiweka mapajani mwa Wanjira.

"Ya nini?" Wanjira akasema. "Chai itamwagika."

"Keti uambue."

"Mimi? Kwani mmeishiwa na watu? Mimi ni wa shangazi! Mama alikuwa mrembo, uliza mtu yeyote Gakindu."

"Lakini auntie hana jina la cucu," akasema mmoja wa wale wa shule, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa tu anatukumbusha, kama mtu anayeona unataka kupanda gari lisilo lako.

Yule mwalimu wa Othaya akamtazama babu yake, akamtazama Wanjira, akarudia tena. Halafu akasogea kwenye benchi, akapiga mahali pa kukaa kwa mkono. "Auntie, kuja tu," akasema. "Chai nitaangalia mimi."

Wanjira aliketi kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Mwanzoni aligombana na maganda, ati mbaazi za Embu siku hizi ni mbovu, ati nani alizinunua hizi. Madam akamwacha. Kisha bila kuulizwa akaanza kusema habari za mama yake mgonjwa, ile miezi ya mwisho, mikono ilipokataa kuinuka. "Kila asubuhi nilikuwa namnawisha uso," akasema huku anaambua. "Maji ya vuguvugu na kitambaa. Alikuwa anafunga macho, anainua kidevu, ananingoja. Mama yangu, ambaye hakungoja mtu maisha yake yote." Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa. Ukali wote wa shangazi ulikuwa umetoka usoni, na aliyebaki pale hatukuwa tumekutana naye. Brashi ya Madam ilikimbia. Sijawahi kuiona ikikimbia vile. Mimi nilipewa kola. Kola tu, ile ya lesi, kutoka kwenye picha isiyo na uso, kwa brashi ya nywele chache. Naisema kwa kiburi: ile kola haina kosa.

Madam hakumruhusu Wanjira kuitazama. Na sasa tukaingia kwenye shida ambayo haina ufundi, yaani Julai. Rangi za mafuta Nyeri mwezi wa Julai hazikauki, zinakaa tu zinakuangalia. Tuliweka picha mbali kidogo na jiko, tukaigeuza kama mahindi ya kuchoma, tukifukuza majivu. Wanjira alipiga simu kila mara.

"Imekauka?"

"Bado."

"Kwani mnaikausha na nini, na maombi?" Halafu, kwa sauti nyingine, "Wairimu, haraka. Jana amemwaga uji akitafuta kikombe, na kikombe kiko mbele yake."

Walipokuja, mzee aliingia ameshika bega la Wanjira. Akina Nyawira wote walikuwepo, hata yule wa Nairobi. Madam akamkalisha karibu na dirisha, akamshikia picha pale pale alipokuwa ameshika kisahani siku ya kwanza. Mzee akaanza kupandisha na kushusha kidevu. Alikuwa anaona kipande kipande, jicho, halafu pua, halafu kola. Bomba lilikuwa limekuwa jembamba hata kwa kisahani. Niliona uso wa Madam ukibadilika, nikafikiri, basi, tumechelewa.

Madam akarudi nyuma hatua moja. Kidevu cha mzee bado kilipanda na kushuka. Akarudi nyuma tena, picha mbele ya kifua chake, akigongana na meza, akipita kando ya jiko. Kitu kikienda mbali kinapungua, hata ndani ya bomba. Kidevu kikapunguza mwendo.

"Hapo," mzee akasema. "Simama hapo."

Kidevu kilikuwa kimetulia. Mzee akavua kofia, ile ambayo Wanjira alikuwa akimkemea asiivue, akaiweka kwenye goti. Nilingoja aseme ni nzuri. Nilikuwa naomba Mungu asiseme.

"Wanjira," akasema, bila kuondoa macho kwenye picha, "mama yako amesimama. Mletee kiti."

Wanjira, ambaye sikuwahi kumsikia akitumwa asijibu, alichukua kiti chake mwenyewe, akapita nacho kati ya watu, akakiweka mbele ya Madam. Madam akaiweka picha juu yake. Na kwa vile Wanjira alikuwa ameinama karibu, hakuna aliyekumbuka kumzuia, akaiona. Alibaki ameinama vile vile. Akainua mkono akajishika shavu, upande mmoja, halafu wa pili, pole pole, kama mtu anayepima kama maji yamepoa.

"Kumbe," akasema, "sijawahi kuacha kumnawisha."